Saa Zinazotangulia Darasa

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati ya maduka, siku ambayo mitaa hiyo hufurika wanunuzi. Kazi ya uokoaji iliendelea kwa siku kadhaa, na baadhi ya walionaswa walikuwa hai chini ya kifusi kwa saa nyingi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ipo karibu kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizima huvuka Barabara ya Morogoro na kufika bila kupanda gari.

Daktari anayeitwa kwenye kifusi cha namna ile anapaswa kujua jambo lisiloonekana kwa macho. Msuli uliobanwa na zege kwa saa kadhaa huanza kufa, na chembe zake zinapopasuka hutoa potasiamu na mioglobini. Maadamu zege bado limeukalia mguu, sehemu kubwa ya sumu hiyo imefungiwa palepale. Likinyanyuliwa, damu hurudi mguuni, huizoa kwa mkupuo na kuifikisha kwenye moyo na figo. Mtu aliyekuwa akizungumza na waokoaji anaweza kufariki muda mfupi baada ya umati kushangilia kwamba ameokolewa. Bywaters na Beall waliieleza hali hiyo mwaka 1941 jijini London, walipowahudumia watu waliofukuliwa kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu. Tiba yake huanza kabla zege halijanyanyuliwa: dripu ya maji ya chumvi, yapata lita moja kwa saa kwa mtu mzima. Haifai kuwa dripu ya Ringer, ingawa hiyo ndiyo tegemeo la mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa, kwa sababu ndani ya Ringer mna potasiamu.

Somo hili laweza kufundishwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, mhadhiri husimama mbele ya ukumbi kwa saa nzima, akaeleza chembe za msuli, potasiamu, figo na dripu, nao wanafunzi wakaandika. Katika njia ya pili, wanafunzi huyasoma hayo yote kabla ya kuja, na saa ya darasa huanza kwa mtihani wa aina nyingine. Mtu mzima amebanwa mguu kwa saa nne. Anaongea. Kreni imefika na dereva wake anasubiri ishara. Pana daktari mmoja, muuguzi mmoja, mfuko wa Ringer na mfuko wa maji ya chumvi. Nani amwambie nini mwenye kreni, na kwa maneno gani, huku ndugu wa aliyenaswa wakipiga kelele anyanyuliwe mara moja?

Njia ya pili ndiyo iitwayo kugeuza darasa: maelezo huhamia nyumbani, na kazi iliyokuwa ya nyumbani, yaani kulitumia lile lililoelezwa, huletwa mbele ya mwalimu. Kwa kufundishia udaktari njia hii ni bora kuliko ya kwanza, na makala haya hayaandikwi kuipinga. Yanaandikwa kwa sababu nusu yake ya mwanzo, yaani zile saa zinazotangulia darasa, imezoeleka kuhesabiwa kana kwamba haigharimu kitu. Katika jiji kama Dar es Salaam nusu hiyo ndiyo ghali kuliko zote, na anayeilipia ni mwanafunzi.

Jina la njia hii ni jipya kuliko njia yenyewe. Walimu wawili wa kemia katika mji mdogo wa Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza mwaka 2007 kurekodi vipindi vyao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa kuhudhuria, na kutoka hapo jina likaenea. Lakini Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma alikuwa amekwisha kuanza, mwishoni mwa miaka ya 1970, kuwapa wanafunzi wake kazi ya kusoma kabla, kuwajaribu mmoja mmoja waingiapo darasani, kisha kuwajaribu tena kwa vikundi. Utaratibu huo wa vikundi uliingia hata Moshi, katika chuo cha tiba cha KCMC, katika muongo uliopita, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke. Wala wodi haijawahi kufundisha kwa njia nyingine. Mwanafunzi anayeingia kwenye raundi bila kusoma faili la mgonjwa wake huumbuka mbele ya kitanda kilekile. Na kabla ya vyuo vikuu kujengwa, mtoto wa pwani alidurusu sura yake nyumbani, akaja chuoni kumsomea mwalimu. Kazi ya mwalimu ilikuwa kusikiliza na kusahihisha.

Ushahidi wa kitaaluma nao unaelekea upande huohuo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake waliunganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakaona kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara moja na nusu zaidi ya wale walioshirikishwa darasani. Kwa fani za afya, mapitio ya Hew na Lo ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 28 na kukuta waliosoma katika madarasa yaliyogeuzwa wakifanya vizuri zaidi, hasa pale mwalimu alipoanza kipindi kwa jaribio fupi. Mwenye kutaka kurejea kwenye mihadhara pekee ana kazi ya kueleza takwimu hizi.

Hata hivyo, kila mahali njia hii inapoanzishwa, wanafunzi hulalamika. Hudai kwamba mwalimu amekwepa kazi yake na kuwaachia wajifundishe wenyewe. Wapo wakuu wa kozi wanaojibu malalamiko hayo kwa kutaja utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2019. Huko wanafunzi wa fizikia walioshirikishwa darasani walidhani wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara mzuri, ilhali mtihani ulionyesha wamejifunza zaidi. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo mwanafunzi huutafsiri kuwa ni kutokuelewa. Jibu hilo ni la kweli, lakini lina hatari yake: laweza kufanywa kifuniko cha kila lalamiko. Wanafunzi wa Harvard walilalamikia kazi ya kufikiri. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kulalamika kwa sababu hiyohiyo, na anaweza pia kulalamika kwa sababu kifurushi cha intaneti kilimwishia dakika ya kumi na moja ya video ya dakika arubaini. Malalamiko hayo mawili yakiandikwa kwenye fomu ya tathmini ya kozi hufanana kabisa, na fomu nyingi hazina swali la kuyatenganisha.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekosa nafasi bwenini, akapanga chumba na wenzake wawili nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Amechagua Kariakoo kwa hesabu nzuri: chakula ni cha bei nafuu, nauli haipo kwa sababu atatembea, na kila kitu anachohitaji, kuanzia koti jeupe hadi betri ya simu, kipo hatua chache kutoka mlangoni. Kimoja tu hakipo, nacho ni utulivu. Mchana spika za wauza nguo hurudia bei ileile iliyorekodiwa, kutwa nzima, hadi mpangaji anaikariri kuliko anavyokariri mishipa ya fahamu ya kichwa. Maduka yakifungwa jioni, malori huanza kushusha mizigo. Umeme ukikatika jenereta za mtaa mzima huunguruma pamoja. Ndani ya chumba hicho pana meza moja, soketi moja na feni ambayo wenye chumba wote watatu wanaitegemea. Humo ndimo mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, amehamishia mhadhara.

Hesabu ya muda nayo inastahili kufanywa kwa kalamu. Tuseme kozi tano zimegeuzwa, na kila moja ina video ya dakika arubaini kwa juma. Video peke yake ni saa tatu na dakika ishirini. Lakini hakuna anayeitazama video ya fiziolojia mara moja akaelewa. Husimamisha, hurudisha nyuma, huandika. Saa tatu huwa sita. Ongeza kurasa za kusoma na maswali ya kujibu. Saa hizo zingekuwa halali endapo ratiba ingepungua kwa kiasi hichohicho. Kosa linalotajwa mno na wanafunzi wanaosomeshwa hivi ni kwamba ratiba haikupungua: video ziliongezwa, vipindi vikabaki kama vilivyokuwa, na katika vipindi hivyo mhadhiri asiye na uhakika kama darasa limesoma akaanza kueleza upya yaleyale ya kwenye video. Aliyesoma akajiona mjinga kwa kuhangaika usiku. Juma lililofuata naye hakusoma. Namna hiyo darasa hugeuzwa mara ya pili, likarudi lilikotoka.

Jina lenyewe la Kariakoo linahusu mizigo. Limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps kwa lugha yao, ambacho wenyeji walikitamka kwa ulimi wao na eneo likabaki na jina hilo. Maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubebea wengine vitu ambavyo wao hawakuwa wameamua viende wapi. Si haki kumlinganisha mwanafunzi wa udaktari na wapagazi wale, ambao wengi wao hawakurudi nyumbani. Ila swali walilolipata wao bado linaulizika palepale mtaani: mzigo unapohama bega, je, aliyeuhamisha ameupima?

Hapa haifai kuwachora wanafunzi kama watu wa kuhurumiwa tu. Wanafunzi wa tiba wa Dar es Salaam walikuwa na darasa lao lililogeuzwa kabla ya mtu yeyote kuwaletea video, nalo huliita diskasheni. Watu watano au sita hukutana jioni kwenye veranda, chini ya mti au katika chumba cha darasa kilichoachwa wazi. Mmoja amepewa figo, mwingine ini, wa tatu dawa za shinikizo la damu. Kila mmoja hufundisha alichosoma, wenziwe humkatiza, na ubishi huendelea mpaka mlinzi anapokuja kuzima taa. Video zilipokuja, diskasheni ilizimeza. Mwenye kifurushi kikubwa huipakua moja kwa niaba ya kundi, kisha humtumia kila mtu kutoka simu hadi simu bila gharama ya intaneti. Slaidi hupelekwa kwenye vibanda vya kutolea kopi, zikarudi zikiwa karatasi zenye slaidi sita kwa ukurasa, maandishi madogo kama ya kwenye kijikaratasi cha dawa. Watunzi wa njia hii walimwazia mwanafunzi mmoja mbele ya kompyuta yake. Kariakoo wamekaa sita mbele ya simu moja, na mara nyingi wanaelewa vizuri zaidi kwa sababu kuna wa kubishana naye.

Ila diskasheni nayo ina mwanya wake. Aliyesimuliwa video si aliyeitazama, na muhtasari wa rafiki hubeba makosa ya rafiki. Zaidi ya hayo, yupo asiye na kundi: aliyehamia kutoka chuo kingine, anayefanya kazi ya zamu za usiku ili ajilipie ada, binti ambaye mwenye nyumba au mjomba wake hamruhusu kurudi saa tatu usiku. Huyo huingia darasani mikono mitupu. Jaribio fupi la mwanzo wa kipindi, ambalo tafiti zinalisifu na kwa haki, kwake ni dakika kumi za aibu. Anakaa kimya kundi linapojadili mwenye kreni na mifuko miwili ya dripu, na mhadhiri anaandika kwenye daftari kwamba fulani hashiriki. Jaribio lilipaswa kuwa kipimo, kama daktari anavyopima joto la mwili. Daktari akiona homa hutafuta chanzo chake. Mwalimu anayeona sifuri akaishia kuitia katika alama za mwisho amemwadhibu mgonjwa kwa kuwa na homa.

Liko pia suala la lugha, ambalo katika mijadala ya aina hii hupitiwa kando. Lugha ya kufundishia vyuo vikuu nchini ni Kiingereza. Video nzuri zilizopo mtandaoni ni za Kiingereza, tena mara nyingi cha lafudhi ambayo mwanafunzi aliyetoka sekondari ya kata ameisikia zaidi katika sinema. Katika mhadhara wa ana kwa ana, mhadhiri wa Kitanzania aliona nyuso zilizokunjamana, akageukia Kiswahili kwa sentensi mbili, na ukumbi ukapumua. Video haioni nyuso. Kwa upande mwingine, darasa lililogeuzwa linafungua nafasi ambayo mhadhara haukuwa nayo. Saa ya mjadala yaweza kuendeshwa kwa lugha ambayo kazi yenyewe itafanyika. Mgonjwa wa Kariakoo hatatoa historia ya ugonjwa wake kwa Kiingereza. Mwenye kreni hataelewa neno la kitabuni. Mwanafunzi aliyesoma potasiamu kwa Kiingereza usiku, asubuhi anapaswa kumwambia dereva kwa Kiswahili chepesi kwamba asinyanyue bado, ampe dakika, maji yaingie kwanza, na kwa nini. Kisha awaelekee ndugu wanaolia na kuwaeleza jambo hilohilo kwa upole. Hayo hayamo katika video yoyote. Wanafunzi waliopata vipindi vya namna hii huvikumbuka kuliko vingine, na si ajabu.

Wahadhiri nao wasisahaulike, japo kwa ufupi. Video nzuri ya dakika kumi na tano hula siku mbili za kazi. Vyeo chuoni hupandishwa zaidi kwa machapisho ya utafiti kuliko kwa ubora wa kufundisha, na mwenye kutumia juma zima kuandaa kisa kimoja kizuri hapati lolote la kuonyesha kwenye kamati. Katika hali hiyo kurekodi mhadhara wa zamani kama ulivyo na kuuita darasa lililogeuzwa ni kishawishi kinachoeleweka. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na kufunguliwa tarehe 1 Juni, wengi duniani walijifunza kurekodi kwa haraka, na wengi wakadhani kurekodi ndiko kugeuza. Kazi kubwa iko kwenye saa ya darasa, na hiyo hairekodiki.

Chuo kinachotaka kugeuza darasa kwa uadilifu kina mambo ya kufanya yasiyohitaji wafadhili. Kwanza kiondoe ndipo kiongeze: kila saa ya maandalizi iliyopangwa kabla ya kipindi itolewe kwenye ratiba, na iandikwe kwenye ratiba kwa jina lake, ili mwanafunzi mwenye zamu na mwalimu wa kozi nyingine waione. Vyumba vya madarasa vilivyo tupu usiku viachwe wazi, na taa, na mlinzi aliyeelezwa kwamba watu waliomo wanasoma. Video na kurasa ziwekwe maktaba ambako mtu anaweza kuzinakili kwenye simu yake bila kutumia kifurushi hata kidogo. Fomu ya tathmini iulize maswali mawili tofauti: je, uliweza kuyapata maandalizi, na je, uliyaelewa. Na jaribio la mwanzo wa kipindi liwe la mtu mmoja mmoja kwanza, kisha la kundi, kama Michaelsen alivyofanya, ili asiye na diskasheni mtaani aipate darasani.

Lipo pingamizi kwamba udaktari ni kazi ya kujituma, na asiyeweza kupambana na kelele za Kariakoo hataweza kupambana na wodi yenye wagonjwa wawili kitanda kimoja. Wanaosema hivyo mara nyingi walisoma wakati ambapo idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo na kitanda cha bweni kilikuwa sehemu ya udahili. Ustahimilivu ni sifa njema, lakini haujulikani kuwa unafundisha matumizi ya dripu. Anayefeli kwa kukosa soketi hatujui kama angekuwa daktari mbaya. Tunajua tu kwamba hakuwa na soketi.

Zaidi ya yote, maandalizi yapunguzwe mwili. Si kila jambo linataka video. Kwa somo la mguu uliobanwa, kurasa nne zilizoandikwa vizuri zinatosha, pamoja na mchoro mmoja wa msuli na jedwali dogo la aina za dripu na vilivyomo ndani yake. Anayependa kusikiliza arekodiwe sauti tupu ya dakika kumi na mbili, ambayo ni nyepesi kuipakua na haitaki macho. Mwanafunzi wa nyuma ya Msimbazi anaweza kuiweka sikioni asubuhi, akapita katikati ya mikokoteni na wauza chai, akavuka Barabara ya Morogoro, na kuimaliza kabla hajafika langoni.